Cheche Imepotelea Wapi? Historia ya Moto Ndani ya Injini ya Baiskeli

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie injini. Msishtuke, hatuendi mbali. Anayesaka hitilafu kwenye programu na fundi aliyeinama kando ya baiskeli yenye injini iliyogoma kuwaka wanafanya kazi ile ile: wote wawili wanatafuta mahali ambapo jambo lililotakiwa kutokea halikutokea. Tofauti ni kwamba mmoja wao ana grisi mikononi.

Injini ndogo ya petroli inataka mambo matatu tu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Petroli unaiona na kuinusa. Mgandamizo unauhisi mguuni unapokanyaga pedali. Cheche ndiyo ngumu, kwa sababu inazaliwa na kufa ndani ya chuma kilichofungwa. Chukua injini ya mapigo mawili inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Inahitaji cheche 50 kila sekunde, na mzunguko mmoja mzima unachukua milisekunde 20 tu. Cheche ikichelewa kidogo, nguvu inapungua. Ikija mapema mno, pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda. Ikikosa kuja, unasukuma baiskeli nzito hadi nyumbani.

Watu wamehangaika na cheche hii tangu karne ya 19. Ukifuatilia historia yake utaona mtindo mmoja ukijirudia: kila kizazi cha wavumbuzi kiliondoa kitu kilichokuwa kikiharibika, na kwa kufanya hivyo kikaziba dirisha ambalo mwenye chombo alikuwa akichungulia. Swali langu leo ni hili: dirisha lililobaki liko wapi? Si swali la kupitisha wakati. Asiyejua pa kuchungulia hununua vipuri asivyovihitaji.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1876 Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne ambayo ndiyo babu wa injini nyingi za leo. Haikuwa na plagi. Mchanganyiko uliwashwa kwa mwali mdogo wa moto ulioingizwa silindani kupitia kipande cha chuma kinachoteleza, kinachofungua na kufunga. Kwa injini iliyofungwa kwenye sakafu ya karakana na kuzunguka polepole, mwali huo ulitosha. Kwa chombo cha barabarani, haukufaa.

Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitaka injini nyepesi na ya kasi. Mwaka 1885 waliifunga injini yao ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 264 na nguvu ya nusu farasi hivi, kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa na mengine mawili madogo ya kuizuia isianguke. Chombo hicho huhesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Kiliwashwa kwa mrija wa moto: mrija mdogo wa chuma uliozibwa upande mmoja, huku upande wa pili ukifunguka ndani ya silinda. Taa ndogo ya petroli iliuchoma mrija kwa nje hadi ukawa mwekundu. Pistoni ilipopanda, mchanganyiko ulisukumwa ndani ya mrija, ukakuta joto, ukalipuka.

Kusaka hitilafu kwenye mrija wa moto kulikuwa rahisi kama kuangalia jiko la makaa: umekolea wekundu au haujakolea? Dirisha lilikuwa wazi kabisa. Lakini hakukuwa na namna ya kuamua mlipuko utokee lini hasa, upepo uliweza kuzima taa, na dereva aliketi juu ya moto wa wazi karibu na petroli. Ndugu wawili waliohamia Paris kutoka Urusi, Michel na Eugène Werner, walikutana na tatizo hilo mwaka 1897 walipoanza kuuza baiskeli yenye injini iliyofungwa juu ya gurudumu la mbele. Uzito wote ulikuwa juu na mbele, kwa hiyo ilipenda kuanguka, na matoleo ya kwanza yalikuwa na mrija wa moto. Fikiria mwenyewe kinachofuata baiskeli kama hiyo ikilala chini. Haukupita muda mrefu wakahamia umeme.

Umeme wenyewe haukuwa mgeni. Mwaka 1860 huko Ufaransa, Étienne Lenoir alikuwa tayari ameendesha injini ya gesi kwa cheche ya umeme, kwa kutumia betri na koili. Karl Benz alifuata njia hiyo kwenye gari lake la magurudumu matatu la mwaka 1886, ambalo magurudumu yake yalikuwa na spoku kama ya baiskeli. Betri ilitoa umeme wa volti chache, koili ikauinua hadi maelfu ya volti, na plagi ikatoa cheche.

Hapo ndipo inapokuja hadithi ninayoipenda kuliko zote katika somo hili. Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl, alichukua gari hilo bila kumwambia mumewe. Akaondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Inasimuliwa kwamba njiani bomba la petroli liliziba naye akalizibua kwa pini ya kofia yake, na kwamba waya wa kuwashia ulipochubuka aliufunika kwa ukanda wa soksi zake ili umeme usivuje. Tazama vizuri alichofanya. Hakubadilisha koili wala hakununua betri mpya. Aliufuata umeme njiani mwake hadi akaona unapotorokea. Tuiweke hadithi hiyo mfukoni, tutaihitaji baadaye.

Mwaka 1895 kampuni ya De Dion-Bouton ya Ufaransa ilitoa injini ndogo iliyotumika kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Georges Bouton aliondoa utetemeshi wa koili na badala yake akaweka pointi: vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, vikisukumwa na injini yenyewe. Kila vinapoachana, cheche inatoka. Sasa wakati wa cheche uliamuliwa kwa usahihi, na injini hiyo ikaweza kuzunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika, kasi ambayo injini za mrija wa moto hazikuifikia. Ilinakiliwa na watengenezaji wengi wa baiskeli zenye injini.

Betri ndiyo iliyobaki kuwa donda ndugu. Betri za wakati huo zilikuwa nzito, na zilikwisha nguvu bila taarifa. Mwendesha baiskeli alihitaji umeme ambao injini inajitengenezea yenyewe. Suluhisho likatoka Stuttgart, kwenye karakana ndogo iliyofunguliwa na Robert Bosch mwaka 1886. Tangu 1887 Bosch alikuwa akitengeneza magneto kwa ajili ya injini za viwandani. Magneto ni mashine inayozalisha umeme kwa sumaku na koili peke yake, bila betri. Tatizo ni kwamba zilikuwa za polepole. Mwaka 1897 mfanyabiashara Frederick Simms alimletea baiskeli ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton akitaka ifungwe magneto. Msimamizi wa karakana, Arnold Zähringer, akagundua ujanja: badala ya kutikisa koili nzito, akatikisa ala nyepesi ya chuma iliyo kati ya koili na sumaku. Magneto ikaweza kuendana na injini ya kasi. Mwaka 1902 mhandisi mwingine wa Bosch, Gottlob Honold, akaleta magneto ya volti kubwa inayotumia plagi ya kawaida isiyo na sehemu inayocheza ndani ya silinda. Betri haikuhitajika tena.

Magneto hiyo ilikuwa nzuri mno hata viwanda vya Uingereza vikaitegemea, na vita vilipoanza mwaka 1914 vikajikuta vimekatiwa mzigo kutoka Ujerumani. Ikabidi Waingereza wajitengenezee za kwao. Baada ya vita kampuni ya Villiers ya Wolverhampton ikasambaza muundo uliowafaa sana wenye injini ndogo: sumaku zikawekwa ndani ya gurudumu zito la injini, huku koili, pointi na kondensa zikifungwa kwenye sahani isiyozunguka. Kila kitu mahali pamoja, na pa bei nafuu.

Muundo wa aina hiyo ndio uliotawala baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipokuwa na baiskeli lakini hawana pesa za gari. Ufaransa ikapata VéloSoleX mwaka 1946, Italia ikapata Cucciolo mwaka huo huo, Uingereza Cyclemaster mwaka 1950. Japani, mwaka 1946, Soichiro Honda alikuta injini ndogo zilizobaki za jenereta za redio za jeshi, akazirekebisha na kuzifunga kwenye baiskeli. Kwenye ile ya majaribio alitumia chupa ya maji moto ya nyumbani kama tanki. Petroli ilikuwa haba, akaichanganya na mafuta ya msonobari. Injini hizo zilipokwisha akatengeneza ya kwake mwaka 1947. Kampuni kubwa ya pikipiki tunayoijua leo ilianzia hapo, kwenye baiskeli iliyotiwa injini.

Zama hizo za pointi ndizo zama za dhahabu za mwenye baiskeli anayejitengenezea. Pointi huchafuka, huungua na huachana kupita kiasi, kwa hiyo hitilafu zilikuwa nyingi. Lakini zote zilionekana. Unafungua kifuniko, unapitisha karatasi ngumu kati ya pointi kufuta uchafu, unapima nafasi yake, unakaza. Ukiona pointi zinatoa mwako mkubwa wa kibuluu huku plagi ikitoa cheche dhaifu, unashuku kondensa, kwa sababu kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapoachana ili usiruke hapo. Kila ugonjwa ulikuwa na dalili yake, na dalili zilisomeka kwa macho.

Kisha likaja dirisha la mwisho kuzibwa. Wazo la kuhifadhi umeme kwenye kapasita na kuumwaga ghafla kwenye koili ni la zamani. Nikola Tesla alipata hataza yake mwaka 1898. Kilichokosekana ni swichi ya haraka isiyochakaa. Mwaka 1957 General Electric walitangaza kifaa kilichokuja kuitwa thairista, swichi isiyo na sehemu inayocheza. Mwaka 1969 Kawasaki wakauza pikipiki ya H1, ya mapigo mawili na silinda tatu, ikiwashwa kwa mfumo huo. Ndio mfumo ambao mafundi wetu wa boda boda huuita CDI.

Ndani yake mambo yanakwenda hivi. Sumaku ikipita kwenye koili ya kuchaji, inazalisha volti mia kadhaa. Dayodi inauruhusu umeme uende upande mmoja tu, ukajaze kapasita. Wakati ukifika, thairista inafunguka, kapasita inamwaga yote kwa mkupuo kwenye koili ya pili, na maelfu ya volti yanafika kwenye plagi. Hakuna pointi za kuungua. Cheche inapanda haraka kiasi kwamba inawasha hata plagi iliyoshika masizi, jambo la maana sana kwa injini ya mapigo mawili inayochoma oili pamoja na petroli. Sina shaka kwamba ni mfumo bora kuliko pointi. Lakini vyote hivyo vimezamishwa kwenye gundi ngumu ndani ya kisanduku cheusi. Hakuna cha kufungua, wala karatasi ya kupitisha popote.

Mfumo huo huo ndio uliomo kwenye injini ndogo za mapigo mawili kutoka China zinazouzwa zikiwa vipande vipande, ujifungie mwenyewe kwenye baiskeli ya kawaida. Sumaku kwenye ncha ya kranki, koili moja kando yake, nyaya mbili, kisanduku, plagi. Basi.

Mzee mmoja jirani yetu anasambaza maziwa kwa baiskeli ya namna hiyo. Mwaka jana ilianza kuzimika njiani, kisha inawaka tena kama haijapata kuugua. Siku nyingine iligoma kabisa, na maziwa yakachachuka kabla hajafika kwa wateja. Alikuwa ameambiwa kisanduku kimekufa, akanunua kipya. Hitilafu ikabaki. Akaambiwa na hicho ni kibovu, akanunua cha pili. Aliponijia alikuwa anafikiria kuuza baiskeli.

Nilimsalimia, nikamuuliza swali moja ambalo hata kwenye programu huwa naanza nalo: "Mzee, inazimika wakati gani hasa?"

Akafikiri. "Sana sana nikikata kona ya kulia. Na kwenye mashimo."

Kisanduku cha gundi hakijui kulia na kushoto. Kitu kinachozimika ukigeuza usukani kinahusiana na usukani. Tukafuata njia ya umeme, tukianza na sehemu tunazoweza kuziona. Nawaandikia hatua zake kwa mpangilio, kwani zinafaa kwa injini yoyote ya aina hii.

Kwanza, plagi. Ifungue uitazame. Ikilowa petroli, cheche haiji au ni dhaifu. Ikiwa kavu kabisa, shaka ihamie kwenye petroli. Safisha masizi, kisha pima nafasi yake, milimita 0.6 hadi 0.7 ni ya kawaida. Irudishe kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini kwa uimara, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, kisha mwenzako azungushe injini kwa pedali gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa. Usizungushe injini plagi ikiwa inaning'inia hewani, kwani volti zisipopata pa kwenda zinaweza kukiharibu kisanduku.

Pili, chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye fremu kabla haujafika kwenye plagi. Maana yake ni kwamba waya wake ukichubuka na kugusa fremu, unafanya kazi ya swichi bila kuambiwa. Ukiuchomoa na cheche ikarudi, umempata mwizi.

Tatu, pima koili ya kuchaji kwa mita ya umeme, kati ya nyaya zake mbili, zikiwa zimechomolewa kwenye kisanduku. Kwenye injini hizi mara nyingi utasoma kati ya omu 300 na 400. Ukisoma sifuri, au mita isisome kitu, koili imekufa.

Nne, na ya mwisho kabisa, kama yote hayo ni mazima, ndipo ujaribu kisanduku kingine. Hakina dirisha, kwa hiyo unakihukumu kwa kuwaondolea wengine wote lawama.

Kwa yule mzee hatukufika hatua ya tatu. Waya wa swichi ulipita penye shingo ya usukani, na pale ulipokuwa ukisuguana na fremu ganda lake lilikuwa limekwisha. Shaba ilikuwa inang'aa. Usukani ukienda kulia, shaba inagusa chuma. Tukakata kipande cha tyubu kuukuu, tukauzungushia, tukaufunga mbali na shingo. Kazi ya dakika 10. Visanduku vyake vyote viwili vya zamani vilikuwa vizima. Kimoja amekifanya akiba, kingine alimuuzia mwenzake.

Sasa toa ile hadithi mfukoni. Ukanda wa soksi mwaka 1888, kipande cha tyubu mwaka jana. Kati ya siku hizo mbili mrija wa moto umekuja na kwenda, betri imekuja na kwenda, magneto na pointi zake zimepita, na akili zote za karne nzima zimefungiwa kwenye kisanduku cha ukubwa wa kiberiti kikubwa. Kitu kimoja hakikubadilika: umeme lazima usafiri kwenye waya, na waya hupita mahali penye mtikisiko, joto, maji na msuguano. Kwa hiyo dirisha lililobaki liko hapo, kwenye waya, viungio na plagi.

Lawama sehemu yake iko kwa wauzaji. Injini hizi nyingi huja na karatasi ya kufungia skrubu tu, bila mchoro wa umeme unaoeleweka wala kipimo cha koili. Wangeandika mistari mitatu: waya upi unakwenda wapi, koili isome omu ngapi, plagi iwe na nafasi gani. Mistari hiyo mitatu ingemwokolea yule mzee pesa ya visanduku viwili na asubuhi kadhaa za maziwa. Sisi wa programu nasi tusicheke sana, kwani tunajenga visanduku vyeusi kila siku na kumwambia mtumiaji "hitilafu imetokea" kana kwamba tumemsaidia.

Mpaka wauzaji waandike, tuandikiane sisi. Ukiwa na baiskeli ya injini, pima koili yako leo ikiwa nzima, uandike namba yake ndani ya kifuniko cha zana kwa kalamu isiyofutika. Siku cheche itakapopotea utakuwa na cha kulinganisha nacho, na huo ni mwanzo mzuri kuliko kwenda dukani.

Hadi wakati mwingine, safari njema.